Yetu, Mimi Nikiwemo?

Kuna maneno madogo ambayo mtu hayaogopi. "Yangu" ni mojawapo. Mtoto hulitamka kabla hajajua kuhesabu mpaka kumi, mzee hulitamka kitandani anapogawa urithi, na katikati ya hapo sote tunalitumia kutwa kucha bila kujiuliza. Mimi nataka tujiulize. Mtu anaposema kitu fulani ni chake, anakuwa amesema nini hasa? Na haki ya kusema hivyo anaipata wapi?

Swali hili sikulitoa kwenye vitabu vya falsafa. Nimelikuta kwenye sarufi ya Kiingereza. Jioni nafundisha tuisheni vijana wa kidato cha kwanza hapa Kagunga, kijiji cha mwisho upande wa kaskazini katika mwambao wa Kigoma. Ukipiga makasia kidogo tu kuelekea kaskazini umeshaingia Burundi. Vijana hawa wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, nyumbani wanaongea Kiha, halafu siku moja wanaambiwa kwamba kuanzia leo jiografia, hesabu na baiolojia vyote ni kwa Kiingereza. Basi tunaanzia chini kabisa: "my, your, his, her, its, our, their". Wanaimba kama kwaya. Kuimba si kazi. Kazi inaanza ninapowapa sentensi ndogo waitafsiri: "Mashua yake imezama."

"Mwalimu, mwenye mashua ni mwanamume au mwanamke?"

Sentensi haisemi. Kiswahili hakikuona haja ya kusema. Lakini Kiingereza hakisogei hata hatua moja mpaka ujibu: kama ni mwanamume ni "his", kama ni mwanamke ni "her", kama si mtu ni "its". Mashua ni ile ile, imezama pale pale, ila lugha inataka kwanza kumjua mwenyewe.

Sasa tazama upande wetu. Kitabu changu, mashua yangu, shamba langu, mti wangu, mahali pangu. Hilo "-angu" linabadili nguo kila linapokutana na kitu kingine. Likikutana na kitabu linavaa "ch", likikutana na shamba linavaa "l". Kitu ndicho kinachoongoza, mwenye kitu anafuata nyuma. Kwa Kiingereza "my" haibadiliki hata kidogo: kitabu, shamba, mke, nchi, Mungu, vyote ni "my". Kijana mmoja wa darasani alilisema jambo hili vizuri kuliko mimi: "Kwa hiyo, Mwalimu, Mzungu anauliza nani, sisi tunauliza nini."

Nililipenda jibu lake, ila tusikimbilie kujisifu. Nimeshawasikia wasomi wakisema, ati kwa kuwa lugha yetu inakitanguliza kitu kabla ya mwenyewe, sisi tu watu wasio na ubinafsi. Hapana bwana. Sarufi haimfanyi mtu awe mwema. Mwizi wa nyavu naye anaongea Kiswahili fasaha. Hata hivyo sarufi inafanya kazi moja muhimu: inatuonyesha mahali ambapo tumezoea kutotazama. Tukiziweka lugha mbili kando kwa kando, kila moja inaonyesha lile ambalo nyingine imelificha.

Chukua mfano wa mwili. Kiingereza kinasema mtu amenawa mikono "yake", amevunjika mguu "wake". Sisi tunasema amenawa mikono, amevunjika mguu, na kichwa kikiuma tunasema kinaniuma, kama vile kichwa ndicho kimenifanyia jambo. Mkono wangu hatuutaji kama tunavyokitaja kiatu changu, maana mkono si mali niliyo nayo, mkono ni mimi mwenyewe. Chukua tena neno la kumiliki. Kiingereza kina "have". Sisi hatuna kitenzi cha namna hiyo kwa matumizi ya kila siku. Tunasema "nina mashua", yaani niko na mashua, kama ninavyoweza kuwa na mwenzangu njiani. Erich Fromm, katika kitabu chake cha mwaka 1976 kuhusu kuwa na vitu na kuwa mtu, alitaja kwamba lugha nyingi duniani hazina neno la "have". Sisi tumo. Na kitu ambacho niko nacho kinaweza kuniacha. Anayevua usiku kwenye ziwa hili anajua: jioni una mashua, upepo ukibadilika, alfajiri huna.

Basi tulitazame neno lenyewe. Ninaposema "mashua yangu" nina maana kwamba naweza kuiuza, kuikodisha au kuipasua kuni, na mtu hana la kuniuliza. Ninaposema "mama yangu" sina maana hiyo hata kidogo. Na "mwalimu wangu" je? Mwanafunzi hamiliki mwalimu. "Kijiji changu" sikukinunua. "Adui yangu" nisingependa hata kuwa naye. Ukikaa ukayapanga matumizi haya yote, unaona kwamba ndani ya neno moja mna mambo mawili tofauti kabisa. Kuna "yangu" ya mali, na kuna "yangu" ya uhusiano. Katika mazungumzo, Kiswahili chetu kinadokeza tofauti hiyo kwa kuwabana jamaa karibu na mtu: mwanangu, mwenzio, mumeo, mkewe. Mitaani hatusemi hivyo kwa ndoo wala kwa jembe, ingawa washairi wanaruhusiwa na methali ya mbachao inaruhusiwa.

Ubaya unaanza pale mtu anapoingiza "yangu" moja ndani ya nguo za nyingine.

Ushahidi uko kwenye mwambao huu huu. Ujiji, mji mkongwe jirani na Kigoma, katika karne ya 19 ulikuwa kituo kikubwa cha misafara. Huko ndiko Stanley alikomkuta Livingstone mwaka 1871, jambo ambalo kila mtoto wa shule analijua. Lakini kutoka Ujiji njia ilikwenda Tabora na hatimaye Bagamoyo, na waliopita njia hiyo hawakuwa wapagazi wa pembe tu, walikuwemo na watu waliokamatwa, wengine wakiwa wamevushwa ziwa kutoka Kongo. Bwana wao alisemaje? Alisema "mtumwa wangu". Sarufi haikumkatalia. Mtumwa alikuwa katika ngeli ya watu, pamoja na mtoto na mjomba: mtumwa wangu, mtoto wangu, mjomba wangu. Lugha ilimwita mtu, soko likamwita bidhaa. Wala utumwa haukuisha siku lilipofungwa soko la Zanzibar mwaka 1873. Tanganyika ilifika mwaka 1922 ndipo serikali ya Waingereza ikaufuta kwa sheria.

Mtu anaweza kusema: uhusiano wa kweli tutautambua kwa kuwa neno linarudishwa. Namwita mama yangu, naye ananiita mwanangu. Namwita rafiki yangu, naye ananiita hivyo hivyo. Mashua haiwezi kunirudishia. Hoja hii ni nzuri kwa sura, ila haitoshi. Mtumwa naye alirudisha. Alisema "bwana wangu" kila siku, mara nyingi kuliko tunavyowaita mama zetu. Tena alilazimika. Kwa hiyo kurudisha neno si kipimo. Kipimo, kwa maoni yangu, ni kama mtu anaweza kulikataa. Je, huyu unayemwita wako anaweza kukujibu, "Hapana, mimi si wako," akalala salama usiku ule? Rafiki anaweza. Mke anapaswa kuweza. Mtumwa hakuweza, na ndiyo maana "wangu" ya bwana wake ilikuwa uongo, ijapokuwa sarufi ilikuwa sahihi.

Kipimo hiki kinatuletea taabu moja. Kuna ambao hawawezi kukataa kwa sababu hawana maneno. Mtoto mchanga hawezi. Mnyama hawezi. Ziwa haliwezi. Tuseme basi kwamba hao ni mali?

Hapa Kiingereza kinarudi, na safari hii kinatupa kisa cha jirani zetu. Gombe iko kusini mwetu kidogo, ufuko huu huu, milima hii hii. Mwaka 1960 alifika hapo kijana wa Kiingereza, Jane Goodall, kuwatazama sokwe. Hakuwapa namba, aliwapa majina, na mwaka ule ule alimwona mmoja, aliyemwita David Greybeard, akichomeka unyasi kwenye kichuguu ili atoe mchwa ale. Alipoandika makala yake ya kitaalamu, wahariri walimrudishia imekatwakatwa: kila alipoandika "he" au "she" walifuta wakaweka "it". Kwao sokwe hakuwa "nani", alikuwa "nini". Goodall alikataa, akayarudisha maneno yake, na yakabaki. Na tangu hapo mkono wa sokwe wa Gombe ukawa "his hand" au "her hand". Sokwe mmoja jike, Flo, alipokufa mwaka 1972, gazeti la Sunday Times la London lilichapa tanzia yake kama ya mtu.

Nikiwasimulia vijana kisa hiki wanashangaa ugomvi ulikuwa wa nini. Kwa Kiswahili ni "mkono wake" tu, awe sokwe, awe askofu. Hapo lugha yetu ilishatoa heshima bila vita. Lakini nao wana cha kushangaa kingine ninapowaambia kuhusu meli ya Liemba. Meli ile ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli, ikashushwa ziwani mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha wasije wakanyang'anywa. Mwaka 1924 Waingereza waliiibua, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Sasa Mwingereza, kwa desturi yao, meli anaiita "she". Injini za Liemba ni "her engines". Chuma kilichochongwa kiwandani kimepewa "her" bila mabishano, na sokwe anayebeba mwanawe mgongoni alitaka kunyimwa!

Sisemi hivi ili kuwacheka. Nataka kuonyesha kwamba hadhi ya kuitwa mwenye kitu, yaani ya kuwa na "yake" inayoheshimiwa, watu wamekuwa wakiigawa watakavyo. Waliipa meli kwa kuwa waliipenda. Walimnyima sokwe kwa kuwa kumpa kungewadai jambo. Ukimwita "nani", huwezi kumfunga, kumpasua na kumtupa kwa urahisi ule ule.

Jibu langu basi kwa wale wasioweza kukataa ni hili: kwao "yangu" haiwezi kuwa ya mali, na haijawa bado uhusiano wa watu wawili wanaoitana. Ni "yangu" ya tatu, na jina lake tunalo, ni dhamana. Mtoto mchanga ni wangu kwa maana kwamba akilia usiku mimi ndiye wa kuamka. Akikua ataweza kunikatalia, na ikifika siku hiyo dhamana inageuka kuwa uhusiano, au inavunjika. Wazo hili si geni kwenye sheria zetu. Mwalimu Nyerere aliandika mwaka 1958 akipinga ardhi kuuzwa kama bidhaa, kwa hoja kwamba hakuna binadamu aliyeiumba, na kwamba ninapofyeka pori, kilicho changu ni ile kazi ya kufyeka. Na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema ardhi yote ya nchi hii ni ya umma, na Rais anaishika kama mdhamini. Neno hilo limechaguliwa vizuri. Mdhamini si mwenye mali. Mdhamini ni mwenye kuulizwa.

Hadi hapa mtu anaweza kudhani dawa ni kuacha "yangu" na kusema "yetu". Wengi wa rika langu tunapenda "yetu". Ina harufu ya wema. Mtoto wa pekee, asiye na ndugu hata mmoja, bado anasema "nyumbani kwetu" na "mama yetu", na akiandika "our mother" kwenye mtihani hajakosea kwa mila, ila msahihishaji atajiuliza wako wangapi. Lakini mimi neno hili naliogopa kuliko lile la kwanza, na nina sababu.

Shangazi yangu alifiwa na mumewe. Waliacha mashua moja na nyavu. Fedha ya nyavu ilikuwa ya shangazi, aliipata kwa kuuza dagaa miaka mingi, na kila mtu kijijini alijua. Baada ya matanga shemeji zake wakaja, wakaa, wakazungumza kwa adabu sana. Hakuna aliyesema "yangu". Walisema, "Shemeji, mashua hii ni yetu. Nyavu ni zetu. Hata wewe ni wetu, tutakutunza." Yeye akawauliza swali moja: "Kwenye hiyo 'yetu', na mie nimo?"

Wakatazamana. Kama yumo, kwa nini hawakumwita walipokaa kugawa? Kama hayumo, kwa nini wanamwita wao? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamruhusu mke kumiliki mali kwa jina lake, ila siku ile hakuna aliyekuja na kitabu cha sheria. Wazee walikaa, wakasikiliza pande zote, na mwishowe nyavu zikabaki kwake, mashua ikaenda. Akawa mwenye nyavu asiye na chombo, akawa anazikodisha. Alichonifundisha siku ile ni kwamba mnyonge anaweza kuihitaji "yangu" kama anavyohitaji fimbo ya kutembelea. Ukimwambia aiache kwa ajili ya "yetu", mwulize kwanza kama anajua nani atashika ufunguo.

Swali la shangazi Kiswahili hakina neno la kulijibu. "Yetu" yetu haisemi kama anayeambiwa yumo au hayumo. "Our" ya Waingereza nayo haisemi. Lakini ziko lugha zinazosema. Kiindonesia kina maneno mawili ya "sisi": "kita" ni sisi pamoja na wewe ninayesema nawe, "kami" ni sisi bila wewe. Huko shemeji wasingeweza kujificha. Wangelazimika kuchagua neno, na kwa kulichagua wangesema ukweli mdomoni hata kama hawakuupenda moyoni.

Nchi yetu nzima imewahi kuishi ndani ya utata huu. Mwaka 1972 mkoa wetu ulikuwa miongoni mwa ya mwanzo kuingia kwenye operesheni ya kuhamishia watu vijijini, Operesheni Kigoma. Nia ilitajwa kuwa njema: shule, zahanati, maji, watu wakae pamoja. Na ni kweli shule zilijengwa na watoto wakasoma. Hata mimi ni tunda la mbegu hiyo. Lakini wapo waliohamishwa wakaacha migomba na michikichi waliyoipanda kwa mikono yao, wakaambiwa kuanzia leo kuna shamba letu. Aliyeambiwa hivyo bila kuulizwa, "yetu" kwake ilikuwa kama ile ya shemeji. Ujamaa haukuwa na kosa kwa kupenda "yetu". Ulipata taabu kila mahali ambapo "yetu" ilitamkwa na wachache kwa niaba ya wengi wasiokuwepo.

Na sasa nije kwenye jambo ambalo hapa Kagunga bado linauma. Mwishoni mwa Aprili 2015, Burundi ilichafuka baada ya Rais Nkurunziza kutangazwa kugombea muhula wa tatu. Watu wakaanza kuvuka. Walikuja kwa miguu kupitia milimani, walikuja kwa mitumbwi. Ilipofika katikati ya Mei, mashirika ya wakimbizi yalikuwa yanahesabu watu wapatao 50,000 kwenye kipande chetu cha ufuko, kati ya mlima na maji. Walikuwa wengi kuliko sisi mara kadhaa. Walilala mchangani. Maji ya kunywa yalikuwa ziwa, choo kilikuwa ziwa, na kipindupindu hakikuchelewa. Watu wakafa. Liemba, ile ile iliyozamishwa na kuibuliwa, ikaletwa kuwachukua, watu kama 600 kwa safari moja, hadi Kigoma, kwenye uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika, na kutoka hapo kwa mabasi hadi kambi ya Nyarugusu.

Katika siku hizo neno "yetu" lilisikika sana. Maji yetu. Ufuko wetu. Vyoo vyetu. Kuni zetu. Nasema kwa haki: halikuwa neno la watu wabaya. Mama mwenye watoto watano na ndoo moja anaposema maji yetu, anahesabu. Kisima hakiongezeki kwa huruma. Methali ya mgeni siku mbili tunaijua wote, ila hawa hukuwa na jembe la kuwapa siku ya tatu, wala shamba la kulimia. Lakini wakati huo huo tulikuwa tunawasikia wakiongea, na tulikuwa tunawaelewa. Kirundi na Kiha vinasikilizana bila mkalimani. Wengine walikuwa wameoa kwetu, wengine tumeoa kwao. Mtu alikuwa anasema "wale wanatumalizia maji yetu", halafu anakutana na mmoja wao kisimani, wanaamkiana, wanauliziana habari za ukoo, anampa kata ya maji. "Yetu" ya maneno ilikuwa "kami". "Yetu" ya mkono ilikuwa "kita".

Nilijiuliza wakati ule, na bado najiuliza: ipi ilikuwa ya kweli? Nadhani zote mbili, na hapa ndipo wanaohubiri wema kirahisi wananichosha. "Yetu" isiyokuwa na mpaka wowote haitunzi kitu. Kisima cha wote bila mlinzi kinakuwa tope. Lakini mpaka nao unapaswa kujieleza. Anayebaki nje ana haki ya kuuliza kwa nini yuko nje, na aliye ndani anawajibika kumjibu akimtazama machoni. Kama jibu ni "kwa kuwa ndoo ni moja", hilo ni jibu, na labda pamoja mtatafuta ndoo ya pili. Kama jibu ni "kwa kuwa wewe si wetu", hilo si jibu, ni kurudia tu neno lile lile ambalo lilikuwa linaulizwa.

Ziwa lenyewe linatufundisha. Lina urefu wa kilomita zipatazo 670, kina chake kinafika mita 1,470 hivi, na duniani ni Baikal tu linalolizidi kwa kina. Nchi 4 zinaliita letu: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Dagaa na mgebuka hawana pasi ya kusafiria. Mwaka 2024 serikali ilisimamisha uvuvi upande wetu kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, kwa makubaliano na nchi jirani. Wavuvi walinung'unika, na walikuwa na sababu. Miezi mitatu ni mirefu kwa anayekula alichovua jana. Lakini hoja iliyo nyuma yake ilikuwa sahihi: upande mmoja ukipumzika na mwingine ukavua, hakuna kilichopumzika. "Ziwa letu" haiwezi kuwa kweli kwa kinywa cha mmoja. Ni neno ambalo linakuwa kweli tu likisemwa na wote wanaolizunguka, na kila mmoja akiwa tayari kuulizwa.

Kwa hiyo siku hizi, tunapomaliza zile "my" na "mine" na "ours", nawapa vijana zoezi ambalo halimo kwenye silabasi. Waandike vitu vitano wanavyoviita vyao, na mbele ya kila kimoja waandike wanaweza kukiuza, au kinaweza kuwakataa, au wanawajibika nacho. Kalamu inauzwa. Rafiki anaweza kukataa. Mdogo wake mgongoni, huyo anawajibika naye. Binti mmoja aliandika "mahari yangu", akasita, akainua mkono: "Mwalimu, hii ni yangu au ni ya baba?" Darasa likacheka, yeye hakucheka. Nikamwambia aliandike swali hilo kama lilivyo, kwa Kiswahili, na aende nalo nyumbani akamuulize baba yake kwa adabu.

Sijui alijibiwa nini. Ninachojua ni kwamba msichana anayeweza kuuliza hivyo ameshaelewa viwakilishi vya kumiliki kuliko kitabu tunachosomea. Kiingereza atakijua tu, ni suala la muda. Lile lingine, la kusimama mbele ya watu wanaosema "yetu" na kuwauliza kama naye yumo, halifundishwi kwa kuimba.